Jinsi ya kuipima timu ya taifa ya raga: mwongozo kamili kwa mashabiki wa Nakuru, Kisumu na Magharibi

Simbas, timu ya taifa ya raga ya wanaume, wakicheza, mjadala wa mashabiki wengi huanza na kuishia kwenye matokeo. Wakishinda, kikosi kizima ni cha dhahabu. Wakifungwa, kocha afukuzwe na winga fulani asirudi tena. Lakini matokeo hukuambia nani ameshinda tu. Hayakuambii kwa nini ameshinda, wala kama ataweza kushinda tena wiki mbili baadaye dhidi ya mpinzani wa aina nyingine.

Eneo letu lina haki na wajibu wa kuifahamu timu hii vizuri zaidi. Nakuru RFC ilitwaa Kenya Cup, ligi kuu ya klabu za raga nchini, mwaka 2013 na 2014. Kabras Sugar ya Kakamega ilitwaa mwaka 2016, kisha mfululizo 2022, 2023 na 2024. Ongeza Menengai Oilers pale Nakuru, MMUST ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kisumu RFC, na shule zinazolea vijana kama Kakamega School na Maseno. Anayeishi huku anaweza kumwona mchezaji wa taifa akiiva miaka miwili au mitatu kabla hajavaa jezi ya nchi.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: timu ya raga hupimwa kwanza kwa namna inavyoupata mpira na kuutunza, ndipo uangalie inavyofunga. Mbio za winga mita 60 zinapendeza, lakini anza kwa kuuliza mpira ule ulitoka wapi.

Hatua ya 1: Amua unapima timu gani

Kenya ina timu kadhaa za taifa na watu huzichanganya. Simbas ni wanaume wa raga ya wachezaji 15. Shujaa ni wanaume wa wachezaji saba kila upande. Lionesses ni akina dada, na Chipu ni vijana wa chini ya miaka 20. Ubora wa Shujaa haukuambii lolote kuhusu skramu ya Simbas, yaani pale wachezaji wa mbele wa pande mbili wanaposhikana na kusukumana kuwania mpira. Mwaka 2016 Shujaa waliifunga Fiji 30-7 katika fainali ya Singapore, chini ya kocha marehemu Benjamin Ayimba, na dunia nzima ya raga ikasimama kuwapigia makofi. Miaka miwili baadaye Simbas walikwenda Marseille kuwania nafasi ya mwisho ya Kombe la Dunia wakapoteza mechi zote tatu. Nchi ni moja, michezo ni miwili. Mwongozo huu unahusu zaidi timu ya 15, na mbele kuna sehemu ya wachezaji saba.

Hatua ya 2: Andaa daftari na uchague mechi

Unahitaji daftari, kalamu na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Chagua angalau mechi tatu za timu hiyo: moja iliyoshinda kwa urahisi, moja iliyofungwa, na moja iliyoamuliwa dakika za mwisho. Ukipima kwa ushindi pekee utaandika sifa, si tathmini.

Gawa ukurasa mara nne, kila sehemu dakika 20. Katika kila sehemu andika vichwa hivi: skramu, lainiauti (mpira uliotoka nje ukirushwa ndani kati ya safu mbili), raki (wachezaji wakigombea kwa miguu mpira ulio chini), kukaba, penalti, na mita 22 (eneo la mita 22 mbele ya mstari wa goli). Chora mistari miwili, mmoja wa Kenya, mwingine wa mpinzani. Kila tukio weka alama ya ndiyo au hapana. Usijaribu kuandika kila kitu. Kama mechi imerekodiwa, itazame mara ya kwanza bila kuandika, kisha irudie ukifuata jambo moja tu. Ukiwa uwanjani, gawaneni na rafiki: mmoja ashughulikie mafowadi (nambari 1 hadi 8), mwingine mabeki (nambari 9 hadi 15).

Hatua ya 3: Skramu na lainiauti, na hapa usiwe na haraka

Mashabiki wengi hutumia muda wa skramu kununua karanga. Ndipo wanapokosa nusu ya habari.

Katika skramu, tazama kwanza propu wa kulia, mwenye jezi nambari 3. Yeye husukumwa na wapinzani wawili kwa pamoja, huka (nambari 2) na propu wa kushoto (nambari 1) wa upande ule, kwa hiyo uzito wa mgogoro mzima unapita mabegani mwake. Angalia mgongo wake. Ukiwa umenyooka sambamba na ardhi, mambo ni mazuri. Nyonga zikipanda juu kuliko mabega, au kiwiko kikianza kushuka kuelekea chini, skramu hiyo iko karibu kuvunjika na refa ameshaanza kumkazia macho. Kisha hamisha jicho hadi miguuni pa nambari 8. Je, mpira umetulia pale ukimngoja skramu-hafu (nambari 9), au nambari 8 anarudi nyuma huku akijaribu kuuzuia kwa soli ya kiatu? Skramu-hafu anayeokota mpira huku anarudi nyuma hatoi pasi nzuri, na mabeki wote wanaanza shambulizi wakiwa wamechelewa.

Andika mambo matatu kwa kila skramu: nani aliusogeza mwenzake, mpira ulitoka safi au la, na kama kulikuwa na penalti, ilimwendea nani. Skramu 6 zenye penalti 3 dhidi yako ni udhaifu hata kama mlishinda mechi hiyo kwa alama 20.

Lainiauti ndiyo muhimu zaidi siku hizi, kwa kuwa trai nyingi (mpira kuwekwa chini nyuma ya mstari wa goli la mpinzani) katika raga ya kimataifa huanzia hapo kuliko mahali pengine popote. Timu za daraja la juu hushinda lainiauti zao wenyewe mara 8 hadi 9 kwa kila 10. Lakini usihesabu tu. Andika mpira ulirushwa wapi: mbele, katikati au nyuma. Timu inayorusha mbele kila mara inaogopa. Mpira wa mbele ni salama, ila mabeki wa mpinzani wana nafasi ya kujipanga na kuwafuata wako mapema. Mpira wa nyuma ni mgumu kuurusha, lakini ukishikwa vizuri unafungua katikati ya uwanja. Huka akifanikiwa kurusha nyuma dakika ya 5 na asijaribu tena baada ya dakika ya 50, umepata jambo la kuandika: mikono imechoka au imani imepungua.

Nenda Nakuru Athletic Club au Kakamega Showground siku ya mechi ya Kenya Cup ukasimame usawa wa mita 22, si katikati ya uwanja. Ukiwa pale utasikia loku (nambari 4 au 5) akiita namba za lainiauti, utaona wanyanyuaji wakishika mapaja ya mrukaji, na utajua kabla ya kipenga kama kundi hilo limefanya mazoezi pamoja. Televisheni haikuonyeshi hayo kwa ukaribu huo.

Hatua ya 4: Pima kasi ya raki

Mchezaji akiangushwa na raki ikaundwa, anza kuhesabu mpaka skramu-hafu aokote mpira. Chini ya sekunde 3 ni mpira wa haraka, na ulinzi wa mpinzani bado haujajipanga. Sekunde 5 na zaidi ni mpira wa polepole, na flai-hafu (nambari 10) atakayeupokea atakutana na ukuta.

Pamoja na sekunde, hesabu watu. Wachezaji wangapi wa Kenya wameingia kusafisha raki hiyo? Wawili wakitosha, timu ina wengine wengi wa kuendeleza shambulizi. Wakiingia wanne kila mara, maana yake hawana nguvu au ufundi wa kuusafisha mpira wakiwa wachache, na upande wa pili wa uwanja utakosa watu. Hapa ndipo unapogundua kwa nini mabeki wenye mbio huonekana hawafai siku fulani: mpira unawafikia ukiwa umechelewa.

Hatua ya 5: Ulinzi

Kila mtu huona mchezaji aliyekosea kumkaba mpinzani. Wachache huona mstari. Tazama kama wachezaji wanapanda mbele kwa pamoja au mmoja anatangulia na kuacha pengo pembeni yake. Andika mahali ulinzi unapopasuliwa: karibu na raki, katikati, au pembeni kwa winga. Ukipasuliwa mahali pamoja mara tatu katika mechi mbili tofauti, huo ni udhaifu wa mfumo. Usimtupie lawama mtu mmoja.

Jambo la pili ni mchezaji anavyoinuka baada ya kukaba. Mchague flanka mmoja (nambari 6 au 7) umfuate dakika 5 za kipindi cha kwanza, kisha dakika 5 baada ya dakika ya 65. Anachukua muda gani kurudi kwenye mstari? Kwa maoni yangu hakuna kipimo cha stamina kinachosema ukweli kuliko hiki, na hakihitaji kifaa chochote.

Hesabu penalti. Timu nyingi za kiwango cha juu hujitahidi kubaki chini ya 10 kwa mechi. Zigawe kwa sababu: kuotea, mikono kwenye raki, skramu, kukaba juu ya mabega. Penalti za kuotea ni uchovu au utovu wa nidhamu, nazo hutibika haraka. Za skramu huhitaji miaka.

Hatua ya 6: Mateke na ziara za mita 22

Hesabu kila mara timu inapoingia mita 22 za mpinzani, kisha gawanya alama ilizopata kwa idadi hiyo ya ziara. Ikipata takriban alama 3 kwa kila ziara, imefanya kazi nzuri. Chini ya 2 ni upotevu. Ukipata timu inayoingia mara 11 na kutoka na alama 14, usiseme "bahati mbaya". Rudi kwenye daftari utazame kama mpira ulipotelea kwenye lainiauti, kwenye raki, au mikononi mwa mtu aliyetaka kumaliza peke yake.

Kuhusu mateke, angalia flai-hafu na fulubeki (nambari 15). Je, anapiga akijua mahali, au anapiga kwa sababu amebanwa? Tangu mwaka 2021, sheria inamruhusu mchezaji aliye nusu yake kupiga mpira ukadunda kisha ukatoka nje ndani ya mita 22 za mpinzani, na timu yake ikarusha lainiauti. Timu isiyojaribu kabisa teke hilo inaacha silaha nyumbani.

Hatua ya 7: Benchi na dakika 20 za mwisho

Kikosi cha siku ya mechi huwa na wachezaji 23, nane wakiwa benchi, na lazima pawepo wa kuziba nafasi zote tatu za safu ya mbele. Linganisha skramu ya dakika ya 30 na ya dakika ya 70. Ikiwa propu wa akiba anaingia na skramu inaanza kurudi nyuma, nchi ina propu mmoja tu, hata kama huyo mmoja ni hodari. Kwa Kenya hili ndilo swali ninaloliweka juu ya mengine yote. Tuna mabeki wa kuchagua, tuna flanka wenye moyo wa simba kweli, lakini wanaume wa nambari 1 na 3 wanaoweza kusukumana dakika 80 na timu za Ulaya ni wachache mno.

Hatua ya 8: Mpime mpinzani na mahali

Hapa ndipo tathmini nyingi huharibika. Novemba 2022 Simbas walikuwa Dubai kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia la 2023. Walifungwa na Marekani 68-14, na Ureno 85-0, na Hong Kong 22-18. Hiyo 85-0 iliuma nchi nzima. Lakini Ureno hao hao, wakiwa kwenye Kombe la Dunia chini ya mwaka mmoja baadaye, waliifunga Fiji 24-23. Kipigo kilikuwa halisi na pengo lilikuwa halisi, ila aliyetupiga alikuwa timu iliyokuwa ikipanda kwa kasi.

Mfano mzuri zaidi ni wa Hong Kong, kwa sababu tulikutana nao mara mbili katika mashindano ya aina ile ile. Marseille 2018 walitufunga 42-17, pengo la alama 25. Dubai 2022 pengo lilikuwa alama 4. Vikosi vilibadilika pande zote mbili, kwa hiyo usidai kwamba tumepanda kwa alama 21. Hata hivyo, mpinzani yule yule katika hatua ile ile ndiye kipimo cha karibu zaidi utakachopata. Tafuta jozi za namna hiyo kila unapoweza. Dhidi ya Uganda ni rahisi kuzipata, maana mashindano ya Elgon Cup hutukutanisha nao nyumbani na ugenini. Barani, Namibia ilitufunga 36-0 katika fainali ya Kombe la Afrika 2022, na Zimbabwe ndiyo iliyokata tiketi ya Kombe la Dunia la 2027 kwa kuishinda Namibia 30-28 jijini Kampala Julai 2025. Hao wawili ndio mizani yetu kwa sasa.

Orodha ya viwango ya World Rugby, shirikisho la raga duniani, isome kwa akili. Katika hesabu zake mwenyeji huhesabiwa kama ana alama 3 zaidi ya alizonazo, ushindi wa zaidi ya alama 15 huongezewa uzito, na mechi za Kombe la Dunia huhesabiwa mara mbili. Timu isiyocheza haisogei isipokuwa wengine wasogee.

Halafu kuna ardhi na hewa. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kakamega karibu 1,500, Kisumu takriban 1,130. Mgeni kutoka pwani akicheza nyanda za juu huishiwa pumzi kipindi cha pili, na teke huenda mbali zaidi. Dubai na Marseille ziko usawa wa bahari. Kwa hiyo ushindi wa nyumbani uliopatikana dakika 15 za mwisho upunguzie uzito kidogo kabla hujautumia kutabiri mechi ya ng'ambo. Mvua nayo ihesabu. Kakamega mvua ya alasiri ikishuka, mpira unateleza na kila timu inaonekana na mikono mibovu. Andika hali ya hewa juu ya ukurasa, isije ikakudanganya mwezi ujao.

Hatua ya 9: Fuata mizizi kwenye klabu

Chukua majina ya kikosi cha taifa uandike kila mmoja anacheza klabu gani, nafasi gani, na kwa dakika ngapi. Mara nyingi utaona mtu anayechezeshwa nambari 10 kwa taifa ilhali klabuni ni nambari 15, au propu ambaye klabuni huanzia benchi. Klabu kadhaa za Kenya Cup zimewahi kusajili wachezaji wa kigeni, na hilo limeinua ligi. Lakini mgeni akishika nafasi ya flai-hafu msimu mzima, kuna kijana Mkenya aliyekosa dakika hizo. Mgeni naye hawezi kuchezea Kenya kwa njia ya ukaazi mpaka atimize miaka 5 mfululizo nchini.

Tazama chini pia. Mwaka 2019 Chipu waliifunga Namibia 21-18 na kutwaa Barthes Trophy, taji la Afrika la vijana wa chini ya miaka 20. Kundi kama hilo lifuatilie: wangapi wamefika Simbas, wangapi wamehamia wachezaji saba, wangapi wameacha kwa majeraha au kwa kukosa kazi. Jibu la swali hilo lina uzito kuliko mechi yoyote moja.

Ukipima Shujaa au Lionesses wa wachezaji saba

Badilisha daftari. Mechi ni dakika 14, skramu ina watu watatu, na kadi ya manjano hukutoa dakika 2 ambazo zinaweza kuzaa trai mbili. Jambo la kwanza la kuhesabu ni mipira ya kuanzisha upya mchezo. Katika wachezaji saba, timu iliyofunga ndiyo inayopiga mpira wa kuanza, kwa hiyo ukiunyakua unaweza kufunga tena kabla mpinzani hajaugusa. Ushindi wa Singapore ulitegemea sana wanaume warefu waliokuwa wakiinyakua mipira hiyo, akiwemo Oscar Ouma aliyelelewa na Nakuru RFC.

Shujaa waliteremka kutoka msururu wa dunia mwaka 2023, wakarudi Juni 2024 kwa kuifunga Ujerumani jijini Madrid, na katika Olimpiki ya Paris wakamaliza nafasi ya 9. Ukitaka kuwaona warithi wao, mashindano ya Prinsloo Sevens ya Nakuru na Dala Sevens ya Kisumu ndizo darasa lako. Usiangalie fainali pekee. Kaa mpaka mechi ya tatu ya siku, timu zikiwa zimechoka, uone nani bado anakaba akiwa wima.

Hatua ya mwisho: Andika uamuzi

Baada ya mechi tatu, funga daftari uandike nguvu tatu na udhaifu mitatu, kila mmoja ukiwa na ushahidi wa mechi zaidi ya moja. "Mabeki wana kasi" haitoshi. Andika: "Tukipata mpira wa raki chini ya sekunde 3 tunavuka mstari wa ulinzi mara nyingi, lakini hatupati mpira huo baada ya dakika ya 60." Sentensi ya namna hiyo mtu anaweza kuipinga kwa kutazama mechi.

Tenganisha udhaifu wa wiki sita na wa miaka sita. Kuotea, mpangilio wa lainiauti na teke la kuanza hurekebishika kambini. Upungufu wa maprop, mechi chache ngumu kwa mwaka na vijana kukosa dakika havirekebishiki na kocha mpya pekee, hata awe nani.

Kisha weka tarehe juu ya ukurasa, taja mpinzani anayefuata, na utabiri mambo mawili yanayohesabika: kwa mfano, tutashinda lainiauti ngapi kwa 10, na tutatoa penalti ngapi za skramu. Mechi ikiisha, linganisha na ulichoandika kabla hujasoma maoni ya mtu yeyote.